Bibi Yako Kazaliwa Wapi?

Nilimfahamu Simon Zukas kwa sababu ya fomu. Ilikuwa mwaka juzi hapa Vwawa, katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilijaza jina, kata, kijiji, nikafika penye mahali alipozaliwa bibi mzaa mama. Nikaandika ukweli: Nakonde. Afisa akasoma, akanitazama, akasoma tena. "Binti, bibi yako kazaliwa Zambia?" Nikasema ndiyo, baba. Fomu ikawekwa pembeni, chini ya kikombe cha chai, na kwa miezi kadhaa haikutoka hapo.

Mtu wa huku anajua Nakonde si ughaibuni. Unapanda Hiace hapa stendi hadi Tunduma, unapita pembeni ya foleni ya malori, unavuka kwa miguu. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Mpaka wenyewe walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, na sidhani kama kuna mzee wa ukoo wetu aliyeulizwa. Bibi alivuka kuja kuolewa, ng'ombe wa mahari wakavuka kwenda kwao, basi. Mama alinishauri nijaze upya niandike Tunduma. "Nani atakwenda kuchimba kaburi kuuliza?"

Wakati huo nilikuwa nasoma kwa ajili ya tasnifu yangu kuhusu siasa za Rhodesia ya Kaskazini, na ndipo jina la Zukas likaanza kujirudia. Nikadhani ni jina la Kibemba lililokosewa tahajia. Kumbe ni la Lithuania.

Zukas alizaliwa mwaka 1925 katika mji wa Ukmergė, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1938 akahamia na familia yake Rhodesia ya Kaskazini, akiwa bado mtoto. Miaka mitatu baadaye Wanazi na washirika wao wenyeji walianza kuwaua Wayahudi wa Lithuania, na hadi vita inakwisha zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wameuawa. Wale wa Ukmergė wengi walipigwa risasi msituni, nje kidogo ya mji. Kwa hiyo aliyefika Ukanda wa Shaba alikuwa mtoto ambaye kwao, muda si mrefu, hapakuwa na wa kurudia.

Alisomea uhandisi Cape Town, akarudi Ndola. Wazungu walikuwa wanataka Shirikisho, yaani kuziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland chini ya utawala wao. Waafrika walilipinga, na Zukas akawa upande wao. Pamoja na watu kama Justin Chimba na Reuben Kamanga alitoa kijarida cha kupinga mpango huo. Kamanga huyo ndiye baadaye aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais wa Zambia. Serikali ya kikoloni ilimkamata Zukas, ikamweka ndani, na mwaka 1952 ikamfukuza nchini. Nikisoma sehemu hii nilicheka peke yangu maktabani: wenzake wasingeweza kufukuzwa, wangepelekwa wapi? Yeye wakampeleka Uingereza, nchi ambayo hakuzaliwa wala hakukulia. Shirikisho likaja mwaka 1953, likafa mwishoni mwa 1963. Zambia ikapata uhuru Oktoba 1964, na Kenneth Kaunda akamrudisha Zukas nyumbani.

Nasema nyumbani kwa makusudi.

Wako Walithuania waliopata vyeo ugenini kwa njia nyepesi zaidi. Dick Durbin, seneta wa Illinois, mama yake alizaliwa Lithuania, na huko Marekani hilo ni jambo la kujivunia jukwaani. Valdas Adamkus alifanya kinyume: alifanya kazi serikalini Marekani kwa miaka mingi, akarudi, akachaguliwa rais wa Lithuania mwaka 1998. Lakini kisa cha Zukas ndicho kilichonishika, kwa sababu ya kilichotokea uzeeni.

Mwaka 1990 alikuwa miongoni mwa walioanzisha MMD, vuguvugu lililodai vyama vingi. Mwaka uliofuata Kaunda akashindwa, Frederick Chiluba akawa rais, na Zukas akaingia serikalini. Alishika wizara ya kilimo, kisha ya ujenzi. Kaunda alikuwa amemrudisha nchini, naye akasaidia kumwondoa madarakani. Huo ni ugomvi wa kisiasa wa kawaida.

Mwaka 1996 serikali ya Chiluba ikaleta mabadiliko ya katiba: anayegombea urais lazima wazazi wake wote wawili wawe Wazambia. Kila mtu alijua shabaha ni nani. Kaunda alizaliwa Lubwa, karibu na Chinsali, huko mbele ukishika barabara ya kutoka Nakonde kwenda Lusaka, lakini baba yake, David, alikuwa mmisionari aliyetoka Nyasaland, Malawi ya leo. Zukas akajiuzulu uwaziri. Mpinzani wake alikuwa anazuiwa kwa kosa la mahali alipotoka baba yake, na mtu wa Ukmergė hakuweza kukaa kwenye baraza lililotaka hivyo.

Kifungu kilipita. Mwaka 1999 mahakama huko Ndola, mji uleule wa kijarida, ilisema Kaunda si raia wa Zambia. Mtu aliyeitawala nchi miaka 27! Baadaye suala hilo likamalizwa, lakini kifungu kikabaki. Rais Sata alipofariki Oktoba 2014, makamu wake Guy Scott alikaimu urais hadi Januari 2015 lakini hakuweza kugombea, kwa kuwa wazazi wake walitoka Uingereza. Sharti la wazazi liliondolewa mwaka 2016.

Sisi tusijisifu sana. Ni kweli Oktoba 1961, wabunge walipotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao, Nyerere alitishia kwamba serikali yake ingejiuzulu. Lakini mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, aliambiwa kwamba si Mtanzania. Baadaye akapewa uraia, kama mgeni aliyeomba vizuri.

Kaunda alifariki Juni 2021. Zukas akamfuata Septemba, Lusaka, akiwa na miaka 96. Bibi yangu alikuwa ameshatangulia. Kaburi lake liko kwenye mibuni, nyuma ya nyumba ya mjomba, si mbali na barabara.

Juzi nilirudi ofisini. Afisa ni mwingine, kijana, pengine tunalingana. Akanipa fomu mpya kwa sababu ile ya kwanza haikuonekana. Nikajaza jina, kata, kijiji. Mama alikuwa amekaa nami kwenye benchi, akachungulia nilipofika kwa bibi, akanigusa kiwiko. Nikaandika Nakonde, nikampa kijana fomu yake.

"Dada," akasema, "hapa umeandika Nakonde."

"Ndiyo, kaka. Ndiko alikozaliwa."