Mshahara wa Kapera na Mtoto wa Nairobi

Mabweni ya Kariokor yalipofunguliwa mwaka 1929, manispaa ya Nairobi ilimpangisha mfanyakazi Mwafrika kitanda tu. Bweni lilikuwa la watu wengi, na hakuna aliyetarajia mpangaji aje na mke, sembuse mtoto mchanga. Hesabu iliyojenga mabweni hayo ndiyo iliyopanga mshahara wa kapera: mwanamume aje mjini na kipande chake cha utambulisho shingoni, afanye kazi, ale, alale, kisha arudi kwao kazi ikiisha. Mkewe alibaki kijijini akilima na kulea, na jembe lake likawa linafidia mshahara ambao mwajiri hakuulipa. Nashikilia kwamba hesabu hiyo haijafutwa hadi leo. Leseni ya kituo cha kulelea watoto mtaani na kima cha chini cha mshahara ni jambo moja lililogawiwa ofisi mbili, na mtoto wa maskini ndiye anayeumia katikati.

Wafanyakazi wenyewe waliuona uhusiano huu mapema. Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji mwezi Machi 1950, muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Makhan Singh na Fred Kubai uliwahimiza watu wasusie sherehe. Viongozi hao wawili walipokamatwa mwezi Mei, mgomo mkuu ukazuka. Wagomaji walidai wenzao waachiliwe, kima cha chini kiwe shilingi 100 kwa mwezi, misako ya usiku ikome, na sheria ndogo za manispaa zilizowabana madereva wa teksi ziondolewe. Dai la mshahara na dai la sheria hizo ndogo yalikwenda pamoja, na sababu yake si ngumu kuiona: anayejitafutia riziki mjini hulipia leseni kutoka mfuko ule ule unaonunua unga. Jiji likipandisha masharti bila kutazama kipato, limepunguza mshahara kwa mlango wa nyuma.

Miaka minne baadaye serikali ya kikoloni yenyewe ilikiri kosa. Kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter iliripoti mwaka 1954 kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za binafsi walilipwa pesa zisizotosha mahitaji ya lazima ya afya na staha. Ikapendekeza mshahara wa kapera uachwe hatua kwa hatua, hadi mfanyakazi aweze kuikimu familia yake mjini. Serikali iliukubali mwelekeo, ila si hesabu yote. Hata hivyo pendekezo lenyewe lilikuwa na pengo: familia ilipimwa kwa mshahara wa baba, mama akidhaniwa yuko nyumbani. Dhana hiyo haikulingana na Nairobi ya wakati huo. Tangu miaka ya 1920 palikuwa na wanawake katika mtaa wa Pumwani waliomiliki nyumba, wakapangisha vyumba na kujitegemea. Mama anayejitafutia riziki hakuwamo katika mshahara wa kapera, na katika mshahara wa familia alihesabiwa kama mzigo wa mtu mwingine.

Pengo hilo limeingia hadi katika sheria zetu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto, lakini viwango vya kazi vimebaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo Nairobi ilipotunga sheria yake ya vituo hivyo mwaka 2017, iliweza kudai usajili, nafasi na usafi, bila kuwa na neno juu ya malipo ya mlezi. Upande wa pili, amri ya kitaifa ya mishahara imemweka yaya wa watoto katika daraja la chini kabisa, pamoja na mfagiaji, mtunza bustani na mlinzi wa mchana. Sasa fikiria chumba cha mabati katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, alfajiri. Watoto wamelazwa mkekani, chupa ya uji imesimama pembeni, mama mwenye chumba anapokea sarafu za siku hiyo. Aliyeacha mtoto anakimbilia lango la kiwanda au kwenda kufua nguo mtaa wa matajiri; akikosa kibarua, mlezi naye amekosa. Hakuna mkaguzi atakayeongeza dirisha katika chumba hicho kwa kuandika notisi.

Wapo watakaosema leseni ni ya kumlinda mtoto, na umaskini si ruhusa ya kumweka hatarini. Ni kweli: moto, kipindupindu na msongamano havimhurumii mtu. Lakini kituo kikifungwa, mama haachi kwenda kazini. Mtoto huachiwa dada wa miaka minane, au hufungiwa ndani. Ukaguzi unaomlinda mtoto ni ule unaokuja na maji, mafunzo na muda wa kurekebisha, kisha ndipo ukafunga palipo hatari ya kweli. Wengine watasema mlezi akilipwa zaidi, ada itapanda na mama atashindwa. Hoja hii ina uzito, na ndiyo maana nyongeza haiwezi kutoka mfukoni mwa mama peke yake. Mwajiri amefaidi malezi haya bila kuyalipia kwa karibu karne nzima, kwanza kwa jembe la kijijini, leo kwa mgongo wa mlezi wa Mukuru. Ni haki achangie, na kaunti iongeze kutokana na kodi inayokusanya kwa jasho la watu hao hao.

Kaunti hujibu kwamba mshahara si kazi yake. Lakini Kariokor yenyewe ni jibu. Manispaa ilijenga vitanda kwa sababu waajiri walitaka vibarua karibu, na haikungoja mtu mwingine aamue nani ahusike na mshahara. Jiji lililompatia mfanyakazi mahali pa kulala linaweza pia kumpatia mwanawe mahali pa kushinda, penye sakafu kavu, maji safi na mlezi anayelipwa, kando ya kila soko na kila lango la kiwanda. Hapo leseni itakuwa na kitu cha kulinda.