Jina la Misri, Herufi za London: Funzo la Istilahi kwa Burundi

Herufi nene zenye ncha pana za mraba, zilizobuniwa kwa ajili ya mabango, zilizaliwa London. Mnamo 1815 hivi, mchongaji Vincent Figgins alizitoa kwa jina la Antique. Hata hivyo, kampeni ya Napoleon nchini Misri (1798–1801) ilikuwa imeamsha shauku ya mambo ya nchi hiyo, na wachapaji wakazoea kuziita za Kimisri, ingawa hazikuchota chochote katika maandishi ya Misri.

Mwaka 1921, Francis Thibaudeau aliliingiza jina hilo, Égyptiennes, katika uainishaji wake wa herufi nchini Ufaransa. Humo humo Antiques ni herufi zisizo na ncha kabisa, kinyume cha matumizi ya Figgins.

Nchini Burundi, ambako Kifaransa ni lugha ya elimu ya juu, suala hili lina uzito. Mhadhiri wa Kampasi ya Mutanga, Bujumbura, akilitafsiri jina hilo neno kwa neno, atairithisha Kiswahili asili isiyokuwapo. Yafaa istilahi ifuate umbo: herufi za ncha mraba.