Mkimbiaji na Mkimbizi

Ukimwuliza mama wa Eldoret habari za mwanawe akajibu, "Anakimbia," usishtuke. Hakuna anayemfukuza. Maana yake kijana ni mwanariadha: alfajiri yuko kwenye barabara ya kwenda Iten, viatu vimeganda matope mekundu, pumzi zinamtoka kama moshi kwa baridi. Katika mji huu, uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, kukimbia ni kazi na ni heshima.

Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Kenya, kitenzi hichohicho kiligeuka. Aliyesikia kwamba majirani wamekimbia hakuuliza kilomita ngapi. Nyumba zilikuwa zikiwaka, na baadhi ya watu walikimbilia kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji. Tazama silabi moja inavyofanya kazi: kukimbia ni kuipa hatari kisogo, kukimbilia ni kuelekea panapoaminika kuwa salama, na hapo ndipo tunapopata kimbilio. Tarehe 1 mwezi huo kimbilio lile lilitiwa moto watu wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu ya wengine walijaa mahemani katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Nchi nzima, zaidi ya watu laki 6 walipoteza makao.

Tukawaita wakimbizi wa ndani. Mkimbizi ni neno la muundo wa kale, ndugu wa mlezi kutoka lea na mjuzi kutoka jua. Mkimbiaji, kwa ile -ji ya mwisho, ni mtu wa mazoea. Lakini maisha yamepindua mambo: anayekimbia kila siku akiacha mazoezi husahaulika kuwa mkimbiaji, ilhali aliyekimbia usiku mmoja hubaki mkimbizi miaka na miaka, hata akiwa ameketi. Wapo waliobeba majina yote mawili. Katika timu ya wakimbizi ya Olimpiki ya Rio, 2016, wanariadha 5 kutoka Sudan Kusini walikuwa wamefunzwa Ngong, katika kambi ya mwanariadha Tegla Loroupe.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kujiokoa. Ponyoka ni ya samaki mkononi. Hepa ni ya deni na ya zamu ya kuosha vyombo. Nusurika inatokana na nusura, yaani msaada, kana kwamba kila aliyepona kuna mkono uliomvuta. Toroka ndiyo inayoniuma: ni kuondoka bila idhini ya mwenye mamlaka, kwa hiyo mtumwa aliyekimbilia Rabai au Witu, kule pwani, karne ya 19 aliitwa mtoro, jina ambalo leo anabebeshwa mtoto anayekosa shule. Neno hilo linatazama kwa jicho la bwana.

Mkimbizi nalo lina upofu wake. Linamwonyesha anayekwenda mbio, linamficha anayefukuza. Sentensi ikisema "alikimbia", msomaji hupita. Ikisema "alifurushwa", msomaji husimama na kuuliza: na nani? Swali hilo ni haki ya mtu aliyechomewa nyumba.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, siku utakapoandika tena habari za Kiambaa, waachie wanariadha wa Eldoret kitenzi chao. Wale wengine andika kwamba walifurushwa.