Nani Asimame Mbele ya Mwanga

Katika kibanda umiza cha Katandala au Mazwi, mjini Sumbawanga, sheria ya mwanga ni moja: usipite mbele. Projekta imefungwa nyuma ya mabenchi, juu kidogo ya vichwa, na aliyechelewa huingia ameinama ili kivuli chake kisimmeze mshambuliaji anayekaribia goli. Akijisahau, ukumbi mzima utamkumbusha, tena si kwa upole.

Simuleta ya gofu ya nyumbani inaivunja sheria hiyo makusudi. Mchezaji anasimama mbele ya kitambaa na kupiga mpira halisi. Rada au kamera inapima kasi na mwelekeo wake, kisha picha inaumalizia safari kwenye uwanja wa kuchorwa. Hapa mtazamaji ndiye mchezaji, na mwanga ndio unaotakiwa kumpisha. Tuseme picha ina upana wa mita 3. Projekta ya kawaida, inayotaka umbali wa mara moja na nusu ya upana huo, itakaa mita 4.5 kutoka kitambaani. Mchezaji yuko kama mita 3, basi kivuli chake kinatua pale pale anapolenga. Ile ya masafa mafupi, inayotosheka na nusu ya upana, hufungwa darini mita 1.5 tu kutoka kitambaani, mbele ya mchezaji na juu ya njia ya mpira.

Wapenzi wa gofu huuona mpangilio huu wa mwanga kuwa ubunifu wa juzi. Wajava waliujua zamani. Katika wayang kulit, mchezo wao wa vivuli vya vikaragosi vya ngozi, msimuliaji aitwaye dalang huketi karibu kabisa na kitambaa, na taa yake, blencong, huning'inia juu, mbele ya kichwa chake. Vikaragosi vinapata kivuli, yeye hapati. Kwa hesabu ya mwanga, basi, simuleta ni jamaa wa wayang zaidi kuliko wa sinema. Sinema ilimweka msimuliaji pembeni: benshi wa Japani aliyezisemea filamu bubu, na huku kwetu Lufufu, aliyezitia Kiswahili filamu za kigeni zilizojaza vibanda. Sauti ilipewa nafasi, mwili ukaondolewa kwenye njia ya mwanga.

Hata hivyo fundi wa kibanda, ambaye mimi ningemwita anifungie simuleta kabla ya kufungua kitabu cha maelekezo, itabidi aache mazoea mawili. Yeye huvuta shuka likakaza, maana mkunjo huharibu sura ya mtangazaji. Kitambaa cha gofu huachwa kilegee kidogo, na nyuma yake nafasi hadi ukutani, la sivyo mpira utamrudia aliyeupiga. Pia yeye huinua projekta kwa kipande cha tofali, na picha ikienda upande kidogo hakuna anayelalamika. Kwenye gofu, katikati ya picha pasipolingana na mstari wa mpira, pigo lililonyooka litaonekana limepinda, na mtu ataanza kurekebisha mkono usio na kosa.

Lakini kuna mambo ambayo Ufipa, eneo la Sumbawanga, itamfundisha muuzaji wa simuleta. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800. Hewa nyepesi hupooza mashine kwa shida, na projekta nyingi zina mpangilio maalumu wa kuharakisha feni kuanzia mita 1,500 hivi. Ni kitufe ambacho mtu wa Dar es Salaam hana sababu ya kukigusa. Halafu umeme, ambao kwa miaka mingi mji huu umeupata kutoka Zambia. Ukikatika ghafla, feni husimama taa ikiwa bado ya moto, na taa za balbu huteseka. Bora ya leza au LED.

Nani atainunua simuleta? Marekani huifunga kwenye gereji, mtu na mpira wake. Korea Kusini, nchi ya milima ambako viwanja vya nyasi ni ghali, iliifanya biashara ya ukumbini: kampuni ya Golfzon ilianzishwa Daejeon mwaka 2000, na watu hulipa kwa mchezo, wakiwa na marafiki na vinywaji. Hicho ni kibanda umiza chenye zulia. Sumbawanga ikiipata simuleta, naamini itapitia mlango huo wa Kikorea, na watakaosubiri zamu watakaa nyuma kwenye benchi, wakimkosoa anayepiga.