Habari za Kisima cha Mtaa wa Ghala



Wengine watawaandikieni habari za pamba na mizani katika miaka hii kumi ya Chama chetu. Sisi wa ofisi ya katibu twapenda kueleza habari za kisima, maana hakuna jambo lililotugombanisha kupita hilo.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Wazee wetu wa Usukuma walichota maji kwa kufukua mchanga wa mito iliyokauka. Mama aliyetoka alfajiri alirudi jua limekwisha panda. Mwaka 1971 Serikali iliazimia kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Mwaka 1974 ukaanza mradi wa visima vifupi wa Shinyanga, kwa msaada wa Uholanzi, na pampu za mkono zikaenea. Maji yalikuwa bure, na neno hilo ndilo lililotuponza: pampu ikivunjika, watu walikaa wakimngoja fundi wa Serikali, naye mara nyingi hana petroli wala vipuri. Lengo la 1991 halikutimia. Sera ya Maji ya 2002 ikataka wanakijiji wamiliki maji yao na kulipia matengenezo.

Basi nasi tulipotaka kisima tulianza kwa hesabu. Sera hiyo ya 2002 ilisema lita 25 kwa mtu kwa siku, na watu 250 kwa kituo kimoja. Mtaa wa ghala ulikuwa na watu wapata 500. Hivyo pampu mbili, si moja kama tulivyodhani. Kisha ukazuka ubishi wa mahali. Wengi tulitaka bondeni, karibu na ghala, lakini hapo palikuwa chini ya vyoo vya soko. Fundi alikataa katakata: kisima kiwe upande wa juu, tena mita 30 au zaidi kutoka chooni. Akatusihi tungoje mwisho wa kiangazi, maji yawapo chini kabisa, kwani achimbaye masika hudanganyika. Tulinung'unika, tukatii.

Kosa lilikuja baadaye, nalo lilikuwa letu. Msimu mmoja malipo ya pamba yalichelewa, tukaazima fedha za matengenezo ili kuwalipa wapakizi. Sisi ndio tuliotia saini hati ile. Mipira ya pampu ikachakaa. Si vitu vya bei kubwa, lakini mfuko ulikuwa mtupu. Majuma saba akina mama walirudi mtoni, na watoto wawili wa jirani zetu wakaugua kuhara vibaya. Walipona, alhamdulillahi, ila mama yao hakutusalimu muda mrefu, wala hatukuweza kumlaumu.

Siku hizi fedha za maji zina akaunti yake na saini tatu. Mlinzi wa kisima ni mama yuyo huyo. Spana anazo yeye, na kila mwezi hupima kina cha maji kwa kamba na jiwe. Hesabu hubandikwa mlangoni pa ofisi kila tarehe 1. Asiyeiona aje aulize; daftari liko mezani.