Zamu ya Usiku: Toka Mbwa wa Babu Mpaka Mbwa wa Chuma

Siku moja wakati wa pumziko, mwanafunzi wangu wa darasa la tano aliniletea telefone yake. Akasema: «Mwalimu, angalia huyu mbwa.» Nikaangalia. Alikuwa mbwa bila kichwa, bila mkia, bila manyoya. Miguu minne ya chuma tu, anatembea usiku pembeni ya ukuta wa jengo refu lisilo na madirisha. Wanafunzi walicheka sana. Mmoja akasema huyo hata ukimtupia mfupa hatageuka. Lakini yule mwenye telefone hakucheka. Aliniuliza: «Sasa mwalimu, zamu ataenda kutafuta kazi wapi?» Baba yake ni zamu kule Kalemie, analinda depo ya mfanyabiashara. Kicheko kikaisha.

Sikuwa na jibu siku ile. Nilimwambia nitafute kwanza. Wakati chama chetu kiliomba walimu waandike juu ya desturi, nikaona hapa ndipo pa kumjibu, maana kulinda ni desturi ya zamani kuliko shule na kuliko mishahara.

Ulinzi wa wazee wetu

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha vitabu, zamu ni kufanya kazi kwa kupokezana: leo wewe, kesho mimi. Kwetu Kongo neno hilo limekuwa jina la mtu. Zamu ni yule anayekesha mbele ya mlango wa mwingine. Lakini ile maana ya kwanza inatuonyesha kwamba zamani ulinzi haukuwa kazi ya mtu mmoja maskini anayelipwa kidogo. Ulikuwa wa wote, kwa kupokezana.

Katika miaka ya 1870 na 1880, wakati wa biashara ya watumwa na pembe, vijiji vingi vya pande zetu za ziwa Tanganyika vilizungushiwa boma la miti mikubwa. Ndani ya boma walilala watu, mbuzi, chakula na mbwa. Boma bila watu wa kukesha ni kuni tu. Kwa hiyo vijana walikesha, na kila mmoja alijua analinda nani: mama yake, mtoto wa kaka yake, ghala ya mjomba wake.

Pamoja nao alikuwako mbwa. Babu yangu alikuwa na mbwa wa uwindaji wa aina ya zamani, mwenye manyoya mafupi, masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Mbwa wa aina ile habweki kama wengine. Porini wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni wapate kujua anapita wapi. Wazungu walimwita «basenji». Wazee wanalijua neno hilo vizuri, maana linatokana na «washenzi», jina ambalo wakubwa wa ukoloni waliwaita watu wa vijijini. Katika miaka ya 1930 mbwa hao walipelekwa Uingereza, na toka mwaka 1937 walianza kuzalishwa huko na kuonyeshwa katika mashindano. Leo watu wa Ulaya na Marekani wanamnunua kwa bei kubwa, na jina lile la tusi limebaki katika karatasi zake.

Babu hakujua habari hizo. Kwake yeye mbwa alikuwa na jina moja tu: Wataona. Jirani waliosikia akiitwa walielewa kwamba jina lile linawahusu wao pia! Wataona hakupiga kelele usiku. Aliinuka tu, manyoya ya mgongo yakasimama, akakaa mbele ya mlango. Babu alisikia nyayo zake akaamka. Alituambia kwamba mbwa anafundishwa watu wa nyumba kwanza, mwizi atamjua mwenyewe. Mbwa asiyejua watu wa kwao atauma mtoto na kumwachia mwizi njia.

Wakati bunduki zilikuja

Mwaka 1883 ofisa Mubelgiji Émile Storms alijenga kituo cha Mpala kando ya ziwa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1884 watu wake walishambulia kijiji cha chifu Lusinga, mtu mwenye nguvu katika milima yetu. Boma la Lusinga halikumwokoa. Aliuawa, kichwa chake kikakatwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Sanamu ya mababu iliyokuwa kwake ilichukuliwa pia, na imewekwa katika makumbusho ya Tervuren. Naomba msomaji ashike jambo hili mkononi, nitalirudia.

Mwaka 1885 Mpala ikapewa Mapadri Weupe. Kapiteni Joubert, aliyefika 1887, alipanga askari wenye bunduki kulinda misioni na watu waliokimbilia kwake. Hivyo ulinzi ukaanza kuwa kazi ya watu maalum. Baadaye, wakati wa ukoloni, kila nyumba ya muzungu na kila depo ikawa na sentineli wake. Alikaa nje na moto wake mdogo, akilinda vitu ambavyo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuvigusa. Zamu wa leo ni mjukuu wa sentineli yule.

Na sisi tuliona mwisho wa ulinzi kwa macho yetu. Mwezi wa kumi mwaka 2000 vita vilifika hapa Pepa. Majeshi yalinyang'anyana mji huu, na Pweto ikaanguka mwezi wa kumi na mbili. Nilikuwa kijana. Tulikimbia na vyungu kichwani. Ng'ombe wa milima yetu, waliojulikana mpaka mbali, wakaliwa na wenye bunduki. Hakuna zamu aliyeweza kuzuia. Tuliporudi, nyumba ya babu haikuwa tena na mlango wala mabati. Lakini mbwa wa nyumba, mjukuu wa Wataona, mbavu zote nje, alikuwa amelala palepale pa mlango.

Nasimulia hilo si kwa kulia. Nasimulia juu ya kuonyesha kwamba mbwa hakulinda vitu, maana vitu havikuwako tena. Alilinda mahali pa watu wake.

Mbwa wa chuma

Sasa tuje kwa mbwa wa telefone. Huyu si mchezo wa sinema. Kampuni ya Marekani iitwayo Boston Dynamics, iliyoanzishwa mwaka 1992, ilitengeneza kwanza mnyama mkubwa wa chuma aliyeitwa BigDog, mwaka 2005, kwa kubebea askari mizigo. Baadaye ikatengeneza mdogo zaidi, Spot, mwenye kilo thelathini na kitu. Mwaka 2020 alianza kuuzwa Marekani kwa dola 74,500. Anapanda ngazi, akianguka anainuka mwenyewe, ana kamera pande zote. Batri yake inamtembeza karibu saa moja na nusu, halafu anaweza kurudi mwenyewe mahali pa kujichaji. Kampuni nyingine, Ghost Robotics, imetengeneza mbwa ambao jeshi la anga la Marekani limewatumia kuzunguka kituo cha Tyndall, kule Florida.

Lile jengo lisilo na madirisha, ni nini? Ni nyumba ya kompyuta, inayoitwa kituo cha data. Ujumbe, picha, hesabu za benki, pesa za telefone, vyote vinavyoonekana kwetu kama vinaelea hewani, vimelala ndani ya nyumba hizo katika maelfu ya mashini zinazotoa joto mchana na usiku. Kampuni ya Novva, katika jimbo la Utah, ni moja kati ya zile zilizoweka Spot kuzunguka ndani ya vituo vyao. Mbwa huyo anapima joto la mashini na kuangalia kama kuna kitu kimebadilika. Hasinzii, haendi matanga, haombi avansi.

Hatuwezi kusema mambo haya ni ya mbali. Kinshasa nayo imepata vituo vya data katika miaka hii ya 2020, kama vile vya Raxio na OADC Texaf. Na sisi Wakongo tulikuwa na roboti mapema: mwaka 2013 Kinshasa ilisimamisha roboti za rulage zilizotengenezwa na injenia wetu Thérèse Izay Kirongozi na wenzake, na Lubumbashi ikazipata pia. Wengine walizisifu kwa sababu roboti haiombi «madesu ya watoto». Hapo kuna somo: watu hupenda mlinzi wa chuma pale ambapo mlinzi wa nyama amewachosha.

Lakini hata huko Marekani watu hawakukubali kila kitu. Mwaka 2021 polisi wa New York walimrudisha mbwa wa namna hiyo baada ya raia kulalamika sana. Mwaka 2023 wakawachukua tena. Raia waliuliza: mbwa huyu anaangalia nani, na anampelekea nani habari? Hayo ndiyo maswali ya babu yangu.

Pia mbwa wa kweli hajafukuzwa kazi. Hapa Kongo, katika mbuga ya Virunga, toka mwaka 2011 kuna kundi la mbwa wenye kunusa wanaofuata nyayo za wawindaji haramu. Kila mmoja ana jina na ana mtu anayemtunza.

Nani analinda kumbukumbu?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari lililinda mali. Leo daftari lenyewe limekuwa mali, mpaka linajengewa ukuta na kuwekewa mbwa. Sasa tuulize: wazee wetu walilindaje daftari lao?

Jirani zetu Waluba walikuwa na lukasa, kibao cha mti kilichopigiliwa shanga na kauri. Kila shanga ilikuwa na habari yake: mfalme, safari, mahali patakatifu. Waliokishika walikuwa watu wa chama cha Mbudye, waliofundishwa kukisoma kwa vidole. Mwizi angeiba kibao angepata ubao tu, kwa sababu nusu ya habari ilikuwa katika kichwa cha mlinzi. Na mfalme akifa, makao yake yalibaki kuwa mahali pa kumbukumbu, na mwanamke aliyeitwa mwadi ndiye aliyebeba roho yake. Kwa hiyo mlinzi wa kumbukumbu alijua anacholinda, na watu walimjua yeye.

Mbwa wa chuma hajui anacholinda. Ndani ya jengo kuna picha za harusi ya mtu wa Moba na deni la mtu wa Tokyo, kwake ni mamoja. Anamjua bwana mmoja tu, yule mwenye kumlipia umeme. Si kosa lake. Ila sisi tukumbuke Lusinga. Sanamu yake inalindwa vizuri kabisa huko Tervuren, kwa kamera na milango ya chuma, lakini mtoto wa Marungu akitaka kuiona lazima aombe viza. Kitu kinaweza kulindwa vizuri sana dhidi ya wenyewe!

Jibu langu kwa mwanafunzi

Kwanza, baba yako hatapoteza kazi kesho. Kwa bei ya mbwa mmoja wa chuma, mfanyabiashara wa Kalemie angelipa mazamu kwa miaka mingi, na umeme wetu wenyewe mnaujua. Lakini bei za mashini hushuka. Telefone pia ilianza kwa matajiri.

Pili, mashini hizi zinatembea kwa batri za lithiamu, na hapa katika jimbo letu, Manono, ardhi imejaa lithiamu, mojawapo ya hazina kubwa za dunia. Sisemi batri ya mbwa uliyemwona imetoka kwetu. Nasema ni aibu kama mawe yatatoka hapa na sisi tubaki kuonyeshana mbwa kwenye telefone. Jifunze elektrisite, jifunze kompyuta. Mbwa wa chuma naye ana daktari wake.

Tatu, usidharau kazi ya baba yako. Zamu anajua sauti ya kila jirani. Mwaka nyumba inaungua, ni yeye anayegonga milango ya watu bila kuuliza kama wako kwenye kontra yake. Hicho hakuna anayekilipa, na siku zamu akiondolewa ndipo mtaa utajua ulikuwa unapata nini bure.

Mwisho, kwako ndugu msomaji: ukimaliza ukurasa huu, muulize mzee wa kwenu jina la mbwa wake wa zamani na maana yake, uandike katika kikaye. Mimi nimeanza na Wataona. Wanafunzi wangu wameleta majina mengi, na kila jina limekuja na ugomvi wake, ndoa yake au njaa yake. Tutayachapisha katika kijitabu kitakachofuata.