Sabufa Nyuma ya Mlango

Pale Dumila, njia ya Kilosa inapoachana na ya Dodoma, sabufa unazisikia hata kabla hujashuka kwenye basi. Kwa fundi, sabufa ni lile boksi moja la besi. Sisi tunaita hivyo seti nzima, pamoja na spika zake ndogo.

Zamani haikuwa hivyo. Cuban Marimba ya Salim Abdullah, kisha Morogoro Jazz iliyovuma na Mbaraka Mwinshehe, wengi huku waliisikia kwa redio ya betri. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde; spika yenye ukubwa wa kisosi haiwezi kuutoa mlio huo. Sikio lilijazia lenyewe.

Nilipomnunulia baba sabufa, boksi nikalisukumia kwenye kona nyuma ya mlango, spika nikaziweka dirishani, besi nikafungulia mpaka mwisho. Vikombe vikalia kabatini. Mzee akasikiliza kidogo. "Mwanangu, Mbaraka yuko dirishani, kifua chake kiko mlangoni. Zima."

Niliudhika, lakini alikuwa sahihi. Besi ya chini kabisa sikio halijui inatokea wapi, ndiyo maana watu husema boksi liweke popote. Ila spika za seti hizi ni ndogo mno, kwa hiyo hata sehemu ya chini ya sauti ya mwanamume huachiwa boksi, na hiyo sikio linajua ilipo. Kona nayo huikuza besi, kwa kuwa kuta huirudisha chumbani.

Basi nikalileta boksi kati ya zile spika, mbali kidogo na ukuta, nikapunguza besi mpaka nikasahau kama ipo. Nikarudia wimbo uleule.

Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz 1973, akaunda Super Volcano, akafariki Mombasa Januari 1979 kwa ajali ya gari. Hayo tunayajua, kwa sababu historia ya dansi tumeiandika kwa majina ya waimbaji na wapiga solo. Nadhani redio zile zilichangia. Mpiga besi hatukumsikia vizuri, basi hatukumuuliza jina.

Kidole cha mzee kilikuwa kinagonga mkono wa kiti, kikifuata besi.

"Kumbe huyu naye alikuwepo siku zote," akasema. "Anaitwa nani?"

Sikuwa na jibu.